Swingi ya Gofu: Ipi Bora? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali kuhusu swingi, yaani mwendo wa kupandisha na kushusha fimbo ili kuupiga mpira, yanayosikika kila wiki kwenye viwanja vya mazoezi, kuanzia Lugalo ya Dar es Salaam hadi Muthaiga ya Nairobi, na mengi huishia kwenye ubishi. Majibu yana msimamo, kwa sababu anayeanza gofu huchanganywa zaidi na ushauri unaotoka kila upande kuliko na ushauri mmoja ulio wazi. Kila panapotajwa kulia na kushoto, maana yake ni kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Je, kuna swingi moja iliyo sahihi kuliko zote?

Hapana, na ushahidi uko kwenye vikombe. Jim Furyk hupandisha fimbo wima kabisa, kisha akaizungusha hewani na kuishusha kwa njia nyingine. Kocha yeyote akiiona swingi hiyo kwa mtoto wa miaka 12 atatamani kuinyoosha siku hiyo hiyo. Furyk alifundishwa na baba yake, akashinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 kwenye mashindano ya Travelers akamaliza raundi kwa mikwaju 58, rekodi ambayo hakuna aliyeivunja kwenye ziara ya PGA, mfululizo wa mashindano ya wanaume wa kulipwa huko Marekani.

Lee Trevino alisimama ameelekea kushoto kwa lengo na kuurudisha mpira kulia kidogo, akachukua mataji makuu 6, yaani ya yale mashindano manne makubwa ya kila mwaka. Kiwiko cha kulia cha Jack Nicklaus kiliachana na mwili alipofika kileleni, pale fimbo inapomaliza kupanda, kosa ambalo vitabu vya wakati wake vililikemea, naye ana mataji makuu 18. Scottie Scheffler mguu wake wa kulia huteleza nyuma wakati wa kugonga kana kwamba amekanyaga utelezi, na hadi mwaka 2025 alikuwa na mataji makuu 4.

Ukipanga picha zao wakiwa kileleni mwa swingi, hazifanani hata mbili. Panga picha zao pale aini (fimbo ya kichwa chembamba cha chuma) inapokutana na mpira, utaona jambo jingine kabisa: uzito umeshafika mguu wa kushoto, mikono iko mbele ya mpira kidogo, nyonga zimeanza kufunguka kuelekea lengo, na uso wa fimbo hauko mbali na kule mpira unakotakiwa. Mbinu yoyote inayokufikisha hapo mara kwa mara bila kukuumiza ni mbinu nzuri. Hicho ndicho kipimo kitakachotumika katika majibu yote yanayofuata.

Ni nini hasa kinachoamua mpira uende wapi?

Fimbo na mpira hugusana kwa karibu nusu ya milisekunde. Mambo yanayohesabika ndani ya muda huo ni machache: uso wa fimbo unaangalia wapi, fimbo inapita njia gani, inashuka au inapanda, ina kasi gani, na imegusa mpira kwa sehemu ipi ya uso. Mpira haujui kama ulipandisha mikono juu au chini. Haujui kama umevaa glavu.

Kati ya hayo, uso ndio bosi wa mwelekeo wa mwanzo. Vipimo vya rada vimeonyesha kwamba kati ya asilimia 75 na 85 ya mwelekeo wa mpira unapoanza hutokana na uso. Kwa draiva, fimbo ndefu ya kuanzia shimo, ni karibu na 85, kwa aini karibu na 75. Kupinda hewani kunatokana na tofauti kati ya uso na njia. Chukua mfano: fimbo yako inakata kwenda kushoto kwa digrii 5, huku uso unaangalia lengo. Mpira utaanza kushoto kidogo tu kwa lengo, kisha utapinda kulia. Hiyo ni slaisi ya kawaida inayoonekana kila Jumamosi asubuhi. Geuza hali hiyo, njia iende kulia na uso ubaki kwenye lengo, na mpira utajikunja kwenda kushoto.

Halafu kuna sehemu ya uso iliyogusa. Kwa draiva, mpira uliogongwa kwenye ncha ya nje hujikunja kushoto, na uliogongwa karibu na mpini hupinda kulia, hata kama swingi yenyewe ilikuwa safi. Watu wengi hubadilisha swingi nzima kwa tatizo lililokuwa la kusimama mbali au karibu mno na mpira.

Mwalimu wangu alinifundisha kwamba mpira huanza kufuata njia ya fimbo na kuishia uso unapoangalia. Alikosea?

Alifundisha kama alivyofundishwa. Ndivyo vitabu vilivyosema kwa miongo mingi, mpaka mashine za rada kama TrackMan zilipoanza kupima mguso wenyewe katika miaka ya 2000. Madhara yake ni ya kweli: ukitaka kupindisha mpira ukwepe mti kwa kuuelekeza uso kwenye bendera kama zamani, mpira unaanza karibu na bendera, yaani kule kule kwenye mti, kisha unapinda na kuipita. Leo uso unaelekezwa pale unapotaka mpira uanzie, na njia inapelekwa mbele zaidi ya hapo, upande ule ule wa mti.

Nishike fimbo vipi: kidole kupanda juu ya kingine, kufungamanisha, au vidole vyote kumi?

Mshiko wa kidole kidogo cha kulia kupanda juu ya kidole cha shahada cha kushoto unaitwa kwa jina la Harry Vardon, aliyeshinda The Open (ile ya Uingereza) mara 6 kati ya 1896 na 1914. Nicklaus na Tiger Woods wanafungamanisha vidole hivyo viwili. Wenye mikono midogo, watoto na wenye maumivu ya viungo wanaruhusiwa kabisa kutumia vidole vyote kumi. Tofauti kati ya hizi tatu ni ndogo, na ubishi juu yake unakula muda bure.

Swali linalostahili muda ni mikono imegeuzwa kiasi gani juu ya mpini. Tazama mkono wa kushoto ukiwa umesimama tayari: ukiona vifundo viwili vya vidole, uko katikati, ukiona vitatu, mkono umegeuzwa kulia, na uso utaelekea kujifunga wakati wa kugonga, ukiona kimoja, uso utaelekea kubaki wazi. Ben Hogan aliteswa na mpira unaojikunja kushoto kwa miaka, akaugeuza mkono wake kuelekea kushoto ili uso usijifunge. Kitabu chake cha 1957 kiliwafikia mamilioni ya watu ambao tatizo lao lilikuwa kinyume cha lake. Mtu mwenye slaisi akiufuata mshiko wa Hogan anajizidishia slaisi. Hili linaeleza kwa nini ushauri wa bingwa unaweza kuwa sahihi kabisa kwake na sumu kwako: alikuwa anatibu ugonjwa wake.

Swingi ya mlalo mmoja na ya milalo miwili, ipi ifuatwe?

Mlalo ni mwinamo wa njia ambamo fimbo huzunguka. Kwenye swingi ya mlalo mmoja, mkono wa kushoto ukifika kileleni unalala karibu sambamba na mstari wa mabega. Mchezaji anainama zaidi na mwili unazunguka kwa nguvu, mikono ikifuata. Hogan hutajwa kila mara hapa. Alieleza wazo lake kwa picha ya kioo kikubwa kilichoegemezwa mabegani kutoka kwenye mpira, na mikono isikivunje. Kwenye milalo miwili, mabega yanazunguka kwa ulalo wao na mikono inapanda juu zaidi yake, kama alivyofanya Nicklaus.

Wa kwanza una vitu vichache vya kupatanisha, lakini unadai kiuno na mgongo vinavyozunguka vizuri. Wa pili unampa nafasi mtu mrefu au asiyezunguka sana, ila mikono na mwili lazima vikutane kwa wakati, na siku wakati ukipotea unapotea kweli. Ukiwa mfupi na mnene wa kifua, mlalo mmoja utakujia wenyewe. Ukiwa mrefu na mwembamba, usilazimishe.

Kuna walioenda mbali zaidi. Moe Norman wa Kanada, bingwa wa ridhaa wa nchi yake mwaka 1955 na 1956, alisimama miguu ikiwa imetanuka, mikono imenyooshwa mbali na mwili, na fimbo ikiwa imewekwa nyuma kabisa ya mpira, ili mlalo wa kusimama na wa kugonga uwe ule ule. Waliomwona akipiga wanasimulia usahihi wake hadi leo. Bryson DeChambeau alilichukua wazo linalofanana na hilo, akakata aini zake zote zikawa na urefu mmoja, karibu na ule wa aini namba 7, na akashinda US Open mwaka 2020 na 2024. Hili la urefu mmoja linavutia kwa anayeanza kwa sababu anasimama namna moja kwa kila aini. Tatizo lake liko kwenye aini ndefu: zikifupishwa, mtu asiye na kasi hawezi kuupandisha mpira.

Uzito uhamie kulia kwanza, au ubaki kushoto muda wote?

Mwaka 2007 makocha Mike Bennett na Andy Plummer walizusha mjadala mkubwa Marekani kwa mbinu yao ya kubaki mbele: uzito unakaa mguu wa kushoto tangu mwanzo, uti wa mgongo unainamia kidogo upande wa lengo wakati wa kupandisha, na kichwa hakiendi popote. Wachezaji wa PGA kadhaa waliifuata, Aaron Baddeley na Mike Weir wakiwemo. Wapinzani walisema inaua umbali wa draiva na kuuchosha mgongo.

Kwa aini, mbinu hiyo inatibu ugonjwa unaowasumbua wengi wetu: kuhamia kulia kisha kushindwa kurudi, fimbo ikachimba udongo nyuma ya mpira. Mtu wa namna hiyo akipiga mipira michache huku asilimia 70 ya uzito iko kushoto tangu mwanzo, atasikia mlio tofauti papo hapo, ule wa mpira kugongwa kabla ya ardhi. Kwa draiva hali ni nyingine, kwa sababu mpira uko juu ya tii (kijiti cha kuuinua) na unataka kugongwa fimbo ikianza kupanda; ukibaki mbele kupita kiasi unaushusha. Itumie kama dawa ya aini. Kama imani ya maisha, hapana.

Aini kushuka, draiva kupanda: ni kweli?

Ni kweli kwa aini bila mjadala. Wanaume wa PGA hugonga aini namba 7 ikishuka kwa digrii 4 hivi, na ndiyo maana kibonge cha majani kinachanwa mbele ya pale mpira ulipokuwa. Kwa draiva mjadala upo. Wastani wa wanaume hao umekuwa kushuka kwa digrii 1 hivi, kwa kuwa wana kasi ya kutosha na wanataka kuudhibiti mpira. Wanawake wa LPGA, ziara ya wanawake, wenye kasi ndogo, wamekuwa na wastani wa kupanda kwa digrii 3 hivi, ili kila kilomita ya kasi walizonayo izae umbali. Mchezaji wa klabu mwenye kasi ya kawaida ajifunze kwa wanawake wa LPGA. Aweke mpira mbele usawa wa kisigino cha kushoto, ainue tii, na bega la kulia liwe chini kidogo kuliko la kushoto.

Mzee wangu ana miaka 64 na mgongo unamsumbua. Afuate swingi ipi?

Amwone daktari kwanza. Akiruhusiwa kucheza, aangalie swingi za zamani.

Tangu miaka ya 1990 wachezaji wengi walifundishwa kuzuia nyonga huku mabega yanazunguka hadi mwisho, ili tofauti kati ya hizo mbili ijenge nguvu. Kwa kijana anayenyoosha viungo kila siku, nguvu hiyo ipo. Kwa mtu anayekaa ofisini tangu Jumatatu hadi Ijumaa, sehemu ya chini ya mgongo ndiyo inayolipa. Sam Snead na Nicklaus waliacha kisigino cha kushoto kinyanyuke na nyonga zizunguke pamoja na mabega, kisha wakaanza kushuka kwa kukirudisha kisigino chini. Snead alishinda mashindano ya PGA huko Greensboro mwaka 1965 akiwa na miaka 52.

Kwa hiyo mzee ageuze unyayo wa kulia nje kidogo anaposimama, aache kisigino cha kushoto kinyanyuke, na amalizie akiwa amesimama wima, kifua kikiangalia lengo, mgongo usibaki umepinda nyuma kama upinde. Atapoteza uzuri fulani wa picha, na atacheza miaka mingi zaidi. Kwa mtu wa umri wake huu ndio ushauri wenye uzito kuliko wote uliomo humu.

Kifundo cha mkono wa kushoto kiwe bapa, kiiname au kijikunje nyuma kileleni?

Dustin Johnson na Collin Morikawa hukiinamisha sana kuelekea kiganjani, uso unafungwa mapema, na kazi inayobaki ni kuzungusha mwili kwa kasi ili usiende kushoto. Ni mbinu nzuri kwa mwenye nyonga za Dustin Johnson. Mtu mwenye slaisi anaweza kuonja kidogo ya dawa hiyo: aelekeze mgongo wa mkono wa kushoto chini mapema anaposhusha fimbo, kwa swingi ya nusu. Akiona mipira inaanza kushoto na kubaki kushoto, amezidisha, au mwili umesimama. Asichanganye mkono uliogeuzwa sana kulia na kifundo kilichoinama sana, isipokuwa mwili wake unazunguka haraka kweli.

Kupandisha fimbo kwa ufupi kunapunguza umbali?

Si lazima. Jon Rahm alizaliwa na tatizo la mguu wa kulia, na kifundo chake hakinyumbuki kama cha wengine, hivyo hupandisha fimbo kwa ufupi. Amechukua US Open 2021 na Masters 2023, tena anapiga mbali. John Daly alipandisha mpaka fimbo ikapita mbali pale inapolala sambamba na ardhi, ncha ikaelekea chini, na akashinda mataji makuu 2. Wote wawili walifuata miili yao. Kwa mchezaji wa klabu, swingi ndefu mara nyingi hutokana na kiwiko cha kushoto kukunjika na vidole kulegea, na huo si urefu wenye faida. Ikate pale mabega yanapomaliza kuzunguka.

Mbona nikitoka Nairobi kwenda kucheza Mombasa swingi yangu inaonekana mbovu?

Hili wageni wa Pwani huuliza sana, na jibu lake liko hewani na ardhini zaidi kuliko kwenye swingi.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unasafiri kama asilimia 6 zaidi, kwa hiyo aini inayokupa yadi 150 Nyali, Mombasa, itakukaribisha 160 Muthaiga. Hewa hiyo nyepesi pia inashika mzunguko wa mpira kwa udhaifu, hivyo slaisi hupinda kidogo. Ukishuka Pwani, slaisi ile ile iliyokuwa ikibaki ukingoni mwa fewei (njia ya nyasi fupi) inaishia kwenye minazi. Swingi haijabadilika, Nairobi ilikuwa inakustahi.

Ardhi nayo ina maoni yake. Viwanja vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi za kikuyu, nene na zenye mizizi inayotambaa, nyasi ambazo zimefika hadi uwanja wa Riviera huko Los Angeles. Zinaubeba mpira juu kama kitanda, lakini kwenye rafu (nyasi ndefu za pembeni) zinaunasa mpini na kuugeuza uso. Hapo swingi ya kushuka wima zaidi na mshiko ulioshikwa kwa nguvu kidogo hushinda ile ya kufagia chini. Pwani, mpira unalala juu ya ardhi ngumu yenye mchanga, na anayechimba sana anaumia, anayefagia anafurahi.

Upepo ndio usiseme. Kusi ikivuma, mpira mrefu wa juu unachukuliwa na upepo. Chukua fimbo kubwa zaidi kwa namba moja au mbili, weka mpira nyuma kidogo, piga kwa robo tatu ya nguvu na umalizie mikono ikiwa chini ya bega. Kupiga kwa nguvu dhidi ya upepo kunaongeza mzunguko na kuupandisha mpira zaidi, na hapo unakuwa umeusaidia upepo.

Makedi wengi hupiga kwa swingi walizojifunza wenyewe. Zibadilishwe?

Kwa uangalifu mkubwa, na nyingi zisiguswe kabisa. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kwa kubeba fimbo za watu. Kijana anajifunza kwa aini moja kuukuu, mpira wenye makovu, na dakika chache kabla wanachama hawajafika. Hana kioo wala video. Anachokiona ni mpira tu: umekwenda au haukwenda. Mafunzo ya namna hiyo yana thamani kubwa kuliko tunavyoyahesabia. Mwaka 1999 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake waliwapa watu wasiojua gofu mipira mifupi ya kupiga. Walioelekezwa kufikiria mwendo wa fimbo walifanya vizuri kuliko walioelekezwa kufikiria mikono yao.

Afrika ina mfano ulio hai. Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kama Papwa, alikuwa kedi mwenye asili ya Kihindi huko Durban. Alishika fimbo kinyume, mkono wa kushoto chini ya wa kulia, mshiko ambao kila mwalimu angeukataza. Alishinda Dutch Open mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda Natal Open, akakabidhiwa kombe nje kwenye mvua, kwa kuwa sheria za ubaguzi zilimzuia kuingia kwenye jengo la klabu. Mwaka 1965 alishinda tena mashindano hayo, akimwacha nyuma Gary Player. Kocha anayekutana na kijana wa namna hiyo leo aanze kwa kupima mpira wake, na mikono yake aiache mpaka mpira wenyewe uonyeshe kasoro. Kinachowakwamisha makedi wetu wengi ni vifaa, muda wa uwanja na nauli za mashindano. Hapo ndipo msaada uelekezwe.

Je, kuna namna ya kupiga iliyopigwa marufuku?

Zipo. Tangu Januari 2016 hairuhusiwi kuegemeza mwisho wa mpini mwilini, kwa mfano tumboni au kidevuni, wakati wa kupiga. Hairuhusiwi pia kusimama kwenye grini (nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo) ukiwa umetanua miguu huku na huku ya mstari wa mpira. Snead alikuwa akipiga hivyo hadi ilipokatazwa mwaka 1968. Na mpira ugongwe kwa kichwa cha fimbo, usisukumwe wala kuzolewa. Zaidi ya hapo, swingi ni yako.

Nifuate kasi au usahihi kwanza?

Kijana aanze na kasi, kwani mwili unaojifunza kwenda haraka mapema hausahau. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua takwimu za PGA na kuonyesha kuwa karibu theluthi mbili ya faida ya wachezaji bora inatokana na mipira mirefu, ya tii na ya kukaribia grini. Kuputi, yaani kuuviringisha mpira kuelekea shimoni kwenye grini, kuna mchango mdogo kuliko tulivyokuwa tukiambiwa. Mtu mzima aliyeanza akiwa na miaka 40 na mipira yake inapotea porini afuate usahihi wa uso kwanza, kwa sababu kila mpira uliopotea unamgharimu mikwaju miwili.

Kwa nini nikibadilisha swingi ninazidi kuwa mbaya?

Kwa sababu makosa yako yalikuwa yamezoeana. Mwenye mshiko ulio wazi amejifunza kusawazisha kwa mikono. Ukiurekebisha mshiko peke yake, mikono inaendelea kusawazisha na mpira unajikunja kushoto vibaya. Nick Faldo aliijenga upya swingi yake na David Leadbetter katikati ya miaka ya 1980, akapitia kipindi kigumu, kisha akashinda The Open ya 1987 kwa kupiga par (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo) kwenye mashimo yote 18 ya siku ya mwisho. Tiger Woods amebadilisha swingi zaidi ya mara moja, chini ya makocha tofauti, na kushinda mataji makuu kwa sura tofauti. Hao kazi yao ni hiyo kutwa nzima. Mwenye saa mbili kwa wiki abadilishe kitu kimoja, akae nacho miezi miwili au mitatu, na ajiepushe na video mpya kila usiku. Video nyingi ni za kweli, ila kila moja inajibu tatizo la mtu mwingine.

Nitajuaje kama mbinu mpya inafanya kazi?

Usiulize jinsi unavyojisikia. Swingi mpya hujisikia vibaya hata ikiwa nzuri. Nyunyiza poda ya miguu kwenye uso wa fimbo, au upake chaki nyembamba, kisha piga mipira kumi kwa aini namba 7. Baada ya kila mpira tazama duara lililoachwa kwenye poda, ujue umegonga katikati, nchani au karibu na mpini, halafu futa na upake tena. Chora mstari ardhini kwa chokaa pia, uweke mpira juu yake, na uangalie kama kibonge cha majani kinaanzia mbele ya mstari. Mwisho, andika mpira ulianzia upande gani wa lengo, kwa sababu hapo ndipo uso unapojionyesha.

Alama zikianza kukusanyika mahali pamoja, hata kama mahali penyewe si katikati, mbinu inashika, na kinachobaki ni kusogea karibu au mbali na mpira. Zikitawanyika kote baada ya wiki kadhaa za mazoezi ya kweli, mbinu hiyo haikufai mwili wako. Rudi kwa kocha na karatasi yako, mjaribu nyingine. Draiva iache ndani ya begi mpaka aini namba 7 ikupe alama sita kati ya kumi kwenye eneo lenye ukubwa wa sarafu.